Muda wa Msisimko na Utengaji wa Tabaka kwa Nuru: Kuieleza Hadubini ya Fluoresensi kwa Kiswahili kwa Msomaji wa Mashariki mwa Uganda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna upigaji picha wa muda wa fluoresensi unavyoboreshwa na hadubini zinazotenga tabaka moja la sampuli kwa nuru. Maelezo hayo yanatumika pia kupima uwezo wa Kiswahili wa kubeba dhana za sayansi ya leo mbele ya msomaji wa Budondo, Jinja na Mbale, ambako Kiswahili kinaingia shuleni kikiwa lugha ya tatu. Makala yanafuata mkabala wa kiistilahi unaoanzia kwenye dhana na kuishia kwenye neno. Hoja kuu ni kwamba katika uwanja huu kosa la istilahi halibaki kuwa kosa la lugha. Hugeuka kuwa kosa la kipimo. Kwa sababu hiyo, inapendekezwa kwamba istilahi *muda wa msisimko* na *utengaji wa tabaka kwa nuru* zitumike badala ya tafsiri za neno kwa neno zinazompeleka msomaji kwenye dhana nyingine.

Maneno muhimu: fluoresensi, hadubini, istilahi, muda wa msisimko, Uganda

1.0 Utangulizi

Budondo iko kaskazini mwa mji wa Jinja, kwenye upande wa mashariki wa mto Nile, jirani na Bujagali ambako bwawa la umeme la megawati 250 lilizinduliwa mwaka 2012. Lugha ya nyumbani huko ni Lusoga, na Kiingereza ni lugha ya darasani na ya kumbukumbu za hospitali. Ukielekea mashariki hadi Mbale, chini ya Mlima Elgon, Lumasaaba inachukua nafasi ya Lusoga. Katika mazingira haya Kiswahili si lugha ya mama wala si lugha ya mitihani mingi. Hata hivyo, hadhi yake kisheria imekuwa ikipanda. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika madarasa mawili ya mwanzo, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanafunzi wa Budondo ana haki ya kuuliza mgeni huyu amekuja na nini. Ikiwa Kiswahili kitamfundisha salamu, ngeli na insha ya sherehe tu, kisha akitaka kujua hadubini inavyofanya kazi aambiwe arudi kwenye Kiingereza, basi atakuwa ameongezewa somo bila kuongezewa maarifa. Mjadala wa Kiswahili na sayansi katika makongamano yetu umekuwa ukiegemea zaidi kwenye orodha za maneno. Orodha ni muhimu, lakini haithibitishi kwamba lugha inaweza kueleza jambo. Uthibitisho hupatikana jambo gumu linapoelezwa tangu mwanzo hadi mwisho na msomaji akalielewa.

Jambo lililochaguliwa hapa ni gumu kwa makusudi: namna ya kupata picha sahihi zaidi za muda wa fluoresensi kwa kutumia hadubini zinazotenga matabaka. Mitambo hii haipo katika kituo cha afya cha Budondo, wala si kazi ya kituo cha ngazi hiyo kuwa nayo. Kilichopo katika maabara ya kituo cha ngazi ya nne ni hadubini ya kawaida inayotumiwa kutafuta vimelea vya malaria na bakteria wa kifua kikuu. Hata hivyo, njia kati ya hadubini hiyo na ile ya utafiti ni fupi kuliko inavyodhaniwa, nayo ndiyo itakayofuatwa katika makala haya.

2.0 Mkabala

Eugen Wüster, aliyeweka misingi ya taaluma ya istilahi katika miaka ya 1930, alisisitiza kwamba mwanaistilahi huanza na dhana, akaibainisha na kuipambanua na dhana jirani, ndipo akaitafutia jina. Baadaye Maria Teresa Cabré aliongeza kwamba istilahi huishi katika mawasiliano halisi, hivyo ni lazima itazamwe pia kwa jicho la anayeitumia. Makala haya yanaunganisha mawazo hayo mawili. Sehemu ya 3 hadi ya 7 zinaeleza dhana zenyewe, na sehemu ya 8 inarudi kwenye majina. Mpangilio huu unageuza utaratibu tuliouzoea wa kuanza na neno la Kiingereza na kulitafutia kisawe. Sababu ni kwamba neno la Kiingereza nalo huwa limebeba sitiari yake, na anayelitafsiri huibeba sitiari hiyo bila kujua kama inamfaa msomaji wake.

3.0 Fluoresensi iliyo karibu nasi

Historia ya fluoresensi inaanzia kwenye dawa ambayo Afrika Mashariki inaifahamu vizuri. Mwaka 1845 John Herschel alieleza rangi ya buluu iliyojitokeza kwenye uso wa mmumunyo wa kwinini ulipopigwa na jua, ingawa mmumunyo wenyewe hauna rangi. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes alionyesha chanzo chake: kwinini hufyonza nuru ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, kisha huitoa tena ikiwa na urefu mkubwa zaidi wa wimbi, ambao jicho huuona kuwa ni buluu. Jina la tukio hilo Stokes alilitoa kwenye madini ya fluoriti yenye tabia kama hiyo. Kwa hiyo dawa iliyotumika kutibu malaria kwa vizazi vingi ndiyo pia iliyofungua mlango wa fani hii.

Mfano wa pili uko maabara. Katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa njia ya Ziehl-Neelsen, bakteria hutiwa rangi nyekundu na kutafutwa kwa nuru ya kawaida, kwa lenzi yenye ukuzaji mkubwa, sehemu moja baada ya nyingine. Njia ya fluoresensi hutumia rangi ya auramini, ambayo hushikamana na ukuta wa bakteria wenye nta. Slaidi ikiangazwa kwa nuru ya buluu, bakteria hung'aa kwa rangi ya kijani kibichi inayoelekea njano juu ya mandhari meusi. Kwa kuwa huonekana waziwazi, mtaalamu anaweza kutumia ukuzaji mdogo na kuchunguza eneo kubwa zaidi kwa muda mfupi. Zamani njia hii ilihitaji taa za zebaki zenye gharama kubwa. Taa za LED zilibadili hali hiyo kwa sababu hutumia umeme kidogo, hudumu na zinaweza kuendeshwa kwa betri. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa sera ya kupendekeza hadubini za fluoresensi za LED zichukue nafasi ya zile za taa za zamani, na pia zitumike badala ya njia ya Ziehl-Neelsen.

Katika mifano yote miwili swali linaloulizwa ni moja: je, kinang'aa au haking'ai, na kinang'aa kwa kiasi gani? Upigaji picha wa muda unauliza swali jingine: baada ya kuangazwa, kinaendelea kung'aa kwa muda gani?

4.0 Muda wa msisimko

4.1 Dhana yenyewe

Molekuli inapofyonza fotoni, yaani kipande kimoja cha nishati ya nuru, hupanda kutoka katika hali yake ya utulivu na kuingia katika hali ya msisimko. Haikai huko. Baada ya muda mfupi sana huteremka, na katika kuteremka huweza kutoa fotoni nyingine. Muda huo hupimwa kwa nanosekunde, na nanosekunde moja ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwinini katika mmumunyo wa asidi hukaa takriban nanosekunde 19, na fluoresini, rangi inayotumiwa sana katika maabara, takriban nanosekunde 4.

Molekuli hazishuki zote kwa pamoja. Tukiangaza kundi kubwa kwa mpigo mmoja mfupi wa leza, baadhi hushuka mapema na nyingine huchelewa, na mng'ao wa kundi zima hufifia kwa mkunjo unaoteremka kwa kasi mwanzoni kisha taratibu. Kwa makubaliano, muda unaotajwa ni ule ambao ukipita, mng'ao huwa umebaki takriban asilimia 37 ya ulivyokuwa mwanzoni. Kiwango hicho hutokana na hisabati ya mkunjo wenyewe, nao ndio wastani wa muda ambao molekuli moja hukaa katika msisimko.

4.2 Kwa nini muda na si ukali wa nuru

Katika shule nyingi za Uganda kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Mwanafunzi akiigonga kwa nguvu sauti huwa kubwa, na akiigonga taratibu huwa ndogo, lakini mvumo hufifia kwa mwendo uleule. Rimu kumi zinazofanana zikigongwa pamoja hutoa kelele kubwa zaidi, lakini mvumo wake hauchukui muda zaidi kupungua. Mtu akiishika rimu kwa kiganja, mvumo hukatika mapema. Ukubwa wa sauti hutegemea nguvu ya mgongaji na idadi ya rimu. Mwendo wa kufifia hutegemea rimu yenyewe na kinachoigusa.

Fluoresensi hufuata mantiki hiyo. Ukali wa nuru hubadilika kulingana na wingi wa rangi, nguvu ya taa, unene wa sampuli na uchafu wa lenzi. Muda wa msisimko kwa kawaida hauathiriwi na mambo hayo. Huathiriwa na mazingira ya molekuli: asidi, oksijeni, ioni, au molekuli nyingine iliyo karibu kiasi cha kupokea nishati yake. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni NADH, molekuli inayoshiriki katika uzalishaji wa nishati ndani ya seli na ambayo hung'aa bila kutiwa rangi. Ikiwa huru, muda wake ni takriban nanosekunde 0.4, ikishikamana na protini, muda huongezeka hadi nanosekunde moja na zaidi. Picha ya ukali wa nuru haiwezi kutofautisha NADH kidogo iliyoshikamana na NADH nyingi iliyo huru. Picha ya muda inaweza, na kwa hiyo humwonyesha mtafiti jinsi seli inavyotumia nishati, si wingi wa kemikali tu.

Enrique Gaviola, mwanafizikia wa Argentina, alipima muda huu mjini Berlin mwaka 1926 kwa mmumunyo mzima. Kupima muda kwa kila nukta ya picha ya hadubini kulianza kuwezekana mwishoni mwa miaka ya 1980, vigunduzi na leza za mipigo zilipopata kasi ya kutosha.

5.0 Tatizo: nuru isiyo ya tabaka linalotazamwa

Slaidi ya makohozi hupakwa nyembamba. Tishu si hivyo. Kipande cha mapafu, tezi au jani kina matabaka mengi, na hadubini ya kawaida ya fluoresensi huyaangaza yote kwa wakati mmoja. Tabaka lililo kwenye fokasi huonekana kwa ukali. Yaliyo juu na chini yake huonekana kama ukungu. Katika picha ya kawaida ukungu huo hupunguza uzuri wa picha. Katika picha ya muda, madhara ni makubwa zaidi, na yanafaa kuonyeshwa kwa hesabu.

Tuchukue tabaka A lenye muda wa nanosekunde 1, na chini yake tabaka B lenye muda wa nanosekunde 4. Nukta moja ya picha ikipokea fotoni nusu kutoka A na nusu kutoka B, wastani wa muda utakuwa nanosekunde 2.5. Nambari hiyo si ya A wala ya B. Anayeisoma anaweza kudhani amegundua kitu cha tatu ambacho hakipo.

Sasa tuseme rangi imeongezeka katika tabaka A, hata robo tatu ya fotoni zikatoka huko. Wastani mpya utakuwa nanosekunde 1.75. Muda wa A haukubadilika na wa B haukubadilika; kilichobadilika ni wingi wa rangi. Hata hivyo kipimo kimeshuka kutoka 2.5 hadi 1.75. Hapa ndipo penye kiini cha makala haya kwa upande wa sayansi. Sifa iliyotufanya tuupendelee muda kuliko ukali wa nuru ilikuwa kwamba muda hautegemei wingi wa rangi. Matabaka yanapochanganyika sifa hiyo hupotea, ingawa kompyuta itaendelea kutoa picha yenye rangi za kuvutia na nambari zenye desimali.

Inawezekana kuutenganisha mkunjo uliochanganyika kwa hisabati na kupata nambari zote mbili, 1 na 4. Lakini kufanya hivyo kunahitaji fotoni nyingi zaidi, na jibu halisemi kipi kiko juu na kipi kiko chini. Suluhisho bora ni kuizuia nuru ya tabaka B isihesabiwe tangu mwanzo.

6.0 Njia nne za kutenga tabaka

Kutenga tabaka kwa nuru si kukata. Sampuli hubaki nzima na huweza kuwa hai. Kinachofanyika ni kuhakikisha kwamba nuru inayohesabiwa imetoka katika tabaka moja. Njia zenye kutumika zaidi ni nne, na kila moja hukutana na upimaji wa muda kwa namna yake.

*Konfoko.* Marvin Minsky aliomba hataza ya wazo hili mwaka 1957. Leza huelekezwa kwenye nukta moja ya sampuli, na mbele ya kigunduzi huwekwa kitundu kidogo. Nuru kutoka kwenye fokasi hupenya kitunduni. Ya juu na chini huangukia pembeni na kuzuiwa. Picha hujengwa nukta kwa nukta. Mpangilio huu hupatana vyema na upimaji wa muda, kwa sababu kigunduzi kimoja chenye kasi huweza kuhesabu fotoni mojamoja na kuandika kila moja ilichelewa kiasi gani baada ya mpigo wa leza. Upungufu wake ni kwamba huchukua muda mrefu, na matabaka yote huendelea kuangazwa hata kama nuru yao inatupwa.

*Fotoni mbili.* Mwaka 1931 Maria Göppert-Mayer alitabiri kwamba molekuli inaweza kufyonza fotoni mbili dhaifu kwa wakati mmoja badala ya moja yenye nguvu. Mwaka 1990 Denk, Strickler na Webb waliutumia utabiri huo katika hadubini. Tukio hili hutegemea mraba wa ukali wa nuru, kwa hiyo hutokea tu penye fokasi, ambapo fotoni zimesongamana. Tabaka hutengwa wakati wa kuangaza, si wakati wa kupokea, na kitundu hakihitajiki. Tena, leza za njia hii hutoa mipigo mifupi sana kwa asili yake, ambayo ndiyo upimaji wa muda unaihitaji. Tahadhari moja inafaa. Leza nyingi za aina hii hupiga takriban mara milioni 80 kwa sekunde, yaani kila baada ya nanosekunde 12.5. Rangi ya nanosekunde 4 huwa karibu imezimika kabla ya mpigo unaofuata. Kwinini yenye nanosekunde 19 ingekuwa bado na zaidi ya nusu ya mng'ao wake, na vipimo vingeingiliana.

*Mistari ya nuru.* Mwaka 1997 Neil, Juškaitis na Wilson wa Oxford walionyesha njia nafuu zaidi. Sampuli huangaziwa kwa nuru yenye mistari, na picha tatu hupigwa huku mistari ikisogezwa theluthi moja ya nafasi yake kila mara. Tabaka lililo kwenye fokasi huonyesha mistari hiyo, ukungu hauionyeshi. Kompyuta hulinganisha picha tatu, kisichobadilika huondolewa, na tabaka hubaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Imperial College London na wenzao wa Oxford waliiunganisha njia hii na kamera ya kasi, wakapata picha za muda za eneo zima badala ya nukta kwa nukta. Hapa utaratibu wa hesabu ni muhimu. Tabaka lazima litengwe kwanza kwa kila kipindi cha kufifia, kisha ndipo muda ukokotolewe. Kufanya kinyume hakufai, kwa sababu ukali wa nuru hujumlishwa na kutolewa, lakini muda hautolewi kwa muda mwingine.

*Pazia la nuru.* Nuru huingizwa kutoka ubavuni ikiwa bapa na nyembamba, na hutazamwa kutoka juu. Wazo hili lilitumika na Siedentopf na Zsigmondy mwaka 1903, na likapata uhai mpya katika biolojia mwaka 2004 kupitia kazi ya Huisken na wenzake. Kwa kuwa tabaka linalotazamwa ndilo pekee linaloangazwa, sampuli hai haichoki upesi.

7.0 Gharama ya usahihi

Kutenga tabaka hupunguza fotoni zinazohesabiwa, na fotoni ndiyo sarafu ya upimaji wa muda. Kwa hali bora kabisa, kosa la kipimo hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni. Fotoni 100 katika nukta moja hutoa kosa la takriban asilimia 10. Ili kufikia asilimia 1 zinahitajika 10,000. Anayetaka usahihi mara kumi hulipa fotoni mara mia.

Fotoni zaidi hupatikana kwa kusubiri zaidi au kwa kuongeza nguvu ya leza. Kusubiri kunaruhusu seli hai kusogea. Kuongeza nguvu huifanya rangi ichujuke na huweza kuidhuru seli. Njia ya mistari ina gharama ya ziada, kwani ukungu unaotolewa kwa hesabu huacha nyuma mitikisiko yake ya nasibu. Kwa hiyo swali la mtafiti si "mtambo upi ni bora?" bali "sampuli yangu ni nene kiasi gani, inang'aa kiasi gani, na inaweza kuvumilia nuru kiasi gani?" Slaidi nyembamba ya makohozi haihitaji kutengwa matabaka hata kidogo. Tishu nene yenye kolajeni na NADH zinazong'aa zenyewe inahitaji, hata kwa gharama ya kusubiri.

8.0 Kutoka dhana hadi istilahi

Baada ya dhana kubainika, uteuzi wa majina unakuwa na vigezo. Tuangalie matatu.

Kwanza, jina la tukio. *Mng'ao* ni neno zuri, lakini hujumuisha mng'ao wa bati, wa macho na wa kimulimuli, ambao chanzo chake ni kemikali. Makala haya yanabakiza *fluoresensi* kwa tukio na kutumia *kung'aa* na *mng'ao* kwa kinachoonekana. Utohozi hapa hauonyeshi uhaba wa maneno. Unailinda mipaka ya dhana.

Pili, jina la muda. Neno la Kiingereza hutumia sitiari ya maisha, na mfasiri wa haraka atasema *uhai*, *maisha* au *umri* wa fluoresensi. *Uhai* huleta mkanganyiko katika biolojia, ambako sentensi moja inaweza kuzungumzia uhai wa seli na muda wa rangi iliyomo. *Umri* kwa Kiswahili ni muda ambao umekwisha kuishiwa. Mtoto ana umri wa miaka saba akiwa bado hai, ilhali muda tunaoupima hujulikana baada ya molekuli kushuka. *Maisha* ina hatari kubwa zaidi, kwa sababu mwanafunzi wa fizikia anaijua tayari *nusumaisha* ya unururifu, yaani muda wa kubaki asilimia 50. Akichanganya dhana hizo mbili, atasoma nanosekunde 2.8 mahali penye nanosekunde 4, kwa kuwa nusumaisha ni takriban asilimia 69 ya muda wenyewe. Tofauti ya ukubwa huo inatosha kuifanya NADH iliyoshikamana ionekane kama mchanganyiko wa iliyoshikamana na iliyo huru. *Muda wa msisimko* huepuka mitego hiyo yote na husema kinachopimwa: muda ambao molekuli hukaa katika hali ya msisimko.

Tatu, jina la utengaji. *Ukataji wa nuru* huweza kueleweka kuwa nuru ndiyo inayokatwa, na *ukataji kwa nuru* kuwa leza inapasua tishu, jambo linalofanyika kweli katika upasuaji wa macho. *Utabakishaji* nao huvutwa na *kubakisha*. *Utengaji wa tabaka kwa nuru* ni kirefu kidogo, lakini hakidanganyi: kinachotengwa ni tabaka, chombo ni nuru, na hakuna wembe.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 iliweka msingi ambao bado tunausimamia. Upigaji picha wa muda ndio kwanza ulikuwa unazaliwa wakati huo, kwa hiyo hatuwezi kuidai kamusi hiyo istilahi za fani iliyokuja baadaye. Lakini miongo zaidi ya mitatu imepita. Mwanafunzi wa udaktari katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema huko Mbale anaweza leo kuomba muda wa kazi katika kituo cha Africa Microscopy Initiative kilichopo Chuo Kikuu cha Cape Town. Mitambo inamfikia, maelezo ya Kiswahili bado hayajamfikia.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba muda wa msisimko ni kipimo kinachoaminika pale tu nuru inayohesabiwa inapotoka katika tabaka linalojulikana. Kwamba kuchanganyika kwa matabaka hurudisha utegemezi wa wingi wa rangi ambao kipimo hicho kilikusudiwa kuuepuka. Na kwamba kila njia ya kutenga tabaka hulipiwa kwa fotoni. Yameonyesha pia kwamba mambo hayo yanaelezeka kwa Kiswahili bila kukimbilia lugha nyingine katikati ya sentensi.

Mapendekezo ni matatu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mabaraza ya Kiswahili na vyuo vikuu vya kanda vikusanye istilahi za hadubini kwa kuanzia kwenye maelezo kamili ya dhana, na maelezo hayo yachapishwe pamoja na istilahi. Walimu wa Kiswahili wa Uganda wapatiwe matini fupi za sayansi za kusomwa darasani, zikianzia kwenye vitu ambavyo mwanafunzi anavijua: kwinini, makohozi, rimu ya kengele. Na istilahi zinazopendekezwa hapa zijaribiwe kwa wasomaji ambao Kiswahili ni lugha yao ya tatu kabla ya kusanifishwa, kwa sababu wao ndio watakaozigundua mapema zile zinazopotosha. Msemaji wa pwani huweza kulivumilia neno bovu kwa kukisia maana yake. Mwanafunzi wa Budondo hana pa kukisia, atalichukua neno kama lilivyo.